Maji Yanayorudi Bombani

Wateja wa Idara ya Maji walimwita Bwana Pole, na jina lililo kwenye kitambulisho chake lilishaanza kusahaulika hata nyumbani. Alikaa dirisha la malalamiko. Mtu anafika, anasema bomba la kwake limekauka tangu wiki iliyopita. Yeye anasema "Pole sana", anaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, kisha anatoa pole ya pili ya kumsindikiza mteja mpaka mlangoni. Siku ya joto alifikisha pole mia mbili. Maji hayakuongezeka hata kijiko, lakini hakuna aliyeondoka pale na kiu ya kusikilizwa.

Mtu huyu alikuwa mwoga. Si mwoga wa mbwa wala wa giza. Hiyo ni hofu ya wenye nafasi. Aliogopa bahasha. Kwa miaka sita alifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila mkataba ulipokaribia kuisha, bahasha ya kaki iliwekwa mezani kwake bila neno. Ndani yake mna mkataba mwingine, au mna asante kwa utumishi wako. Mara ishirini na tatu aliifungulia chooni, mlango umetiwa komeo, maana hakutaka mtu aone magoti yake yakimsaliti. Mkewe aliyajua majira hayo kuliko kalenda. Bwana Pole akianza kuacha nusu ya chakula, mkewe anawaambia watoto, "Punguzeni kelele. Bahasha ya baba yenu iko njiani."

Alhamisi moja Mkurugenzi alimwita ofisini.

Kuitwa tu kulimtoa jasho. Alipanda ngazi akikagua dhambi zake za mwezi mzima, na hadi anafika juu alikuwa amepata mbili: alichelewa dakika nne siku ya mvua, na kuna pini za karatasi alizokwenda nazo nyumbani mfukoni bila kukusudia. Akaamua kuanza na pini.

"Bosi, zile pini nitazirudisha kesho asubuhi."

"Pini gani? Kaa chini." Mkurugenzi alikuwa mtu wa kitambi na tai, kitambi kikiwa mbele na tai ikilala juu yake kama mjusi anayeota jua. "Juzi nilizindua lile bomba la mtaa wa juu. Umesikia?"

"Hongera sana, bosi."

"Dereva alinirekodi kwa simu. Sekunde arobaini na moja. Nzuri, lakini ndefu. Watu wa siku hizi hawana subira. Nataka ile picha fupi inayocheza yenyewe. Ile ya kwenye magrupu ya simu, mtu anakonyeza jicho, anakonyeza tena, anakonyeza mpaka dunia iishe."

"Inayojirudia."

"Hiyo hiyo! Nataka nifungue bomba, nifungue tena, nifungue tena. Tuiweke kwenye televisheni ya ukumbini. Mteja akikaa kusubiri, aone maji."

Nusu ya mji ilikuwa na siku ya tisa bila tone. Bwana Pole alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake. Lakini mwenye mkataba wa miezi mitatu hamkumbushi bosi mambo ya ukame.

"Bosi, mimi ni mtu wa dirishani tu..."

"Wewe ndiye mtaalamu wetu. Nani aliifufua projekta siku ile wageni wamekaa?"

Aliifufua kwa kuchomeka waya kwenye soketi. Hakuwahi kupata nafasi ya kueleza hivyo, na sasa ilikuwa imeshachelewa.

"Halafu," Mkurugenzi akagonga kwa kidole karatasi moja mezani, "unaiona hii? Barua yako ya ajira ya kudumu. Miaka sita inatosha, na wewe una watoto. Kesho nasaini. Nifurahishe."

Bwana Pole alishuka ngazi ameshika ukuta. Bahasha alishaizoea. Kutumainia ndiko alikokuwa hajakuzoea, na akagundua kwamba kunauma tumbo zaidi.

Alifanya kazi ile kwenye kompyuta ya masijala, yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga. Akaitazama video yote. Mkurugenzi anahutubia, Mkurugenzi anafuta jasho, Mkurugenzi anakata utepe, Mkurugenzi anainamia bomba lililotokeza mbele ya kiukuta kifupi cha matofali, anazungusha koki, maji yanatoka, makofi, meno. Akakata mbele, akakata nyuma, akabakiza sekunde tatu: mkono kwenye koki, maji, tabasamu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Picha ikifika mwisho na kurudi mwanzo, kichwa cha Mkurugenzi kiliruka. Kila baada ya sekunde tatu, ruu! Kiongozi mzima anashtuka kama aliyekalia siafu. Bwana Pole akaona barua yake ikipeperuka dirishani. Akasogeza mwanzo kidogo, akasogeza mwisho kidogo. Kichwa kikatulia, tai ikaruka. Akapunguza rangi ili faili liwe jepesi, kwa sababu televisheni ile ilikataa vitu vizito. Uso wa bosi ukawa kijani kama sabuni ya mche. Akarudisha rangi mbio mbio huku akiangalia mlango. Akapunguza upana badala yake, na idadi ya picha kwa kila sekunde, mpaka faili likakubali.

Kuhusu kile kichwa, mwishowe aliikumbuka njia moja aliyowahi kuiona kwenye simu ya binti yake: unaicheza picha kwenda mbele, kisha unaicheza ileile kurudi nyuma, halafu mbele tena. Mwisho unakuwa ndio mwanzo, na pa kuruka hapapo. Alipoijaribu, kichwa kikatulia, tai ikatulia, tabasamu likafunguka na kujifumba taratibu. Kwa saa mbili nzima alikuwa ametazama kidevu kimoja cha binadamu mmoja, na sasa kidevu kilikuwa shwari. Akamshukuru Mungu.

Mkurugenzi aliitazama dakika tano bila kupepesa. Mtu akijitazama huwa hachoki.

"Safi," alisema. "Safi kabisa. Mimi huyu!"

Akasaini fomu ya idhini bila kuisoma.

Televisheni ya ukumbini ilikuwa juu ukutani, ndani ya kizimba cha nondo. Ya kwanza iliibwa; hii ya pili ikafungwa kwa kufuli kubwa la geti, rimoti yake ikiwa humo humo ndani, imefungwa na mpira kwenye mguu wa televisheni. Ufunguo anao mtunza ghala peke yake, na halali bila kuupapasa. Jioni ile alifungua kizimba, Bwana Pole akachomeka flashi, picha ikaanza kucheza, kizimba kikafungwa, na mtunza ghala akapanda basi kwenda harusi ya mpwa wake. Kurudi ni Jumatatu.

Ijumaa asubuhi Bwana Pole alivaa shati lake la harusini. Alifika ukumbini na kukuta watu wamejaa tele, wa siku tisa bila maji sasa wakiwa wa siku kumi, na wote wametazama juu. Wanacheka.



"Yametoka," mjumbe mmoja wa mtaa alikuwa akitangaza kama mpira wa redioni. "Yametoka... yametoka... ngoja... yanarudi! Yamerudi yote!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo Bwana Pole alipoona kile ambacho macho yake, yaliyoganda kwenye kidevu, hayakukiona jana. Ukiirudisha picha nyuma, maji nayo yanarudi. Yalipanda kutoka ardhini kama nyoka aliyesahau kitu nyumbani, yakaingia bombani, na Mkurugenzi akafunga koki huku akitabasamu.

"Ndiyo maana kwetu hayafiki!" mzee mmoja akasema. "Yanatoka, yanaiona njia ilivyo ndefu, yanaghairi!"

Bwana Pole akaingia dirishani kwake kwa mlango wa nyuma, akainama kana kwamba anatafuta kalamu. Akajituliza. Utani wa maji kurudi unaelezeka. Ni mambo ya kiufundi. Bosi akiuliza, atasema ni mtindo wa kisasa.

Basi akamsikia fundi cherehani.

Huyu alikuwa mama mmoja mwenye cherehani yake kibarazani mwa soko, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama tasbihi, dumu tupu miguuni. Yeye hakuwa amecheka. Alikuwa ameikazia macho ile picha kwa robo saa, kwa macho ya mtu anayekagua nguo ya fundi mwenzake.

"Nilikuwa natafuta mshono," alisema polepole. "Kila kitu kilichoungwa kina mshono. Nikasema ngoja nione alipounga. Sasa hebu mniambie. Yule nyuma ya ukuta ni nani?"

"Ukuta upi?"

"Msimwangalie huyo baba, mshamwona. Angalieni kushoto, juu ya matofali. Subirini. Subirini... huyo!"

Ukumbi mzima ukavuta pumzi mara moja.

Jicho la mtu ni kama mbuzi; likimaliza majani ya mbele linaruka ua. Ungeiona video ile mara moja, ungemwona Mkurugenzi na maji tu, ukapiga makofi ukaenda zako. Lakini watu hawa walikuwa wameshamwona Mkurugenzi mara mia tatu. Sasa waliona nyuma ya kile kiukuta, kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, mkono wa mtu ukiinua dumu la njano na kulimimina kwenye mdomo wa bomba lililokatwa. Anamimina, maji yanatoka mbele. Picha inarudi nyuma: maji yanaingia bombani, yanapanda, yanarudi dumuni, na mkono unashuka polepole, kwa adabu kabisa.

"Usione yanatoka," fundi cherehani akasema, "yamemiminwa."

Kuanzia hapo ukawa mchezo. Kila mkono ulipochomoza, ukumbi uliitikia kwa pamoja, "Huyooo!" Sekunde sita kimya. "Huyooo!"

Bwana Pole aliinuka taratibu akachungulia kwenye kioo. Mkono ukachomoza. Kwenye dole gumba kulikuwa na utepe wa umeme wa rangi ya bluu, umezungushwa mara tatu. Alijua ni mara tatu kwa sababu aliuzungusha yeye mwenyewe Jumapili, sebuleni kwake, baada ya shemeji yake, kaka wa mkewe, kujigonga na nyundo.

Akakaa sakafuni, akapiga simu.

"Shemeji. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kazini, shemeji. Salama huko?"

"Kazi gani?"

"Ya kwenu. Mtu wa kwenu aliniita. Kaa nyuma ya ukuta, ukisikia makofi, mimina. Nikamimina. Kwani hayakutoka?"

"Yalitoka."

"Basi kazi nzuri. Mbona unahema kama umekimbizwa na ng'ombe?"

"Mkono wako uko kwenye televisheni."

"Na uso?"

"Uso hauonekani."

"Ona bahati yangu. Siku ya kutokea kwenye televisheni, linatokea dole gumba."

"Shemeji, nitafukuzwa! Picha nimeitengeneza mimi, mkono ni wa ndugu yangu. Nani ataamini sikukusudia? Watasema tumepanga, familia nzima!"

"Izime basi."

Ushauri mwepesi huo. Bwana Pole alitoka akasimama chini ya kizimba, akatazama juu. Rimoti aliiona, ile pale, imelala na mpira wake kama mfungwa anayesinzia. Alimpigia mtunza ghala, hapatikani. Alipanda kiti akajaribu kuziba kioo na tangazo kuukuu. Askari wa mlangoni akamvuta suruali.

"Ndugu yangu, hilo halina muhuri. Hakibandikwi kitu hapa bila muhuri."

"Afande, nakuomba. Dakika tano tu."

"Unatetemesha kiti. Shuka usije ukavunjika, nikaandikiwa mimi."

Kukata umeme? Swichi ya ukuta ule ilikuwa moja na swichi ya kiyoyozi cha Mkurugenzi, kule juu ofisini kwake. Fundi aliyeunganisha alibana waya. Kuizima televisheni kulikuwa ni kumzimia bosi upepo, na aliyethubutu mara ya mwisho sasa hivi anasoma mita nje ya mji.

"Huyooo!"

"Wanashangilia nini?" sauti ikatoka kwenye ngazi.

Ukumbi ukanyamaza kama umefunikwa kwa sufuria. Mkurugenzi alikuwa akishuka, uso umechanua, karatasi mkononi. Bwana Pole alikuwa bado juu ya kiti. Hakukumbuka kushuka.

"Nimewasikia mpaka juu," Mkurugenzi akasema akisimama chini kabisa ya kizimba, picha yake ikifungua bomba juu ya upara wake. "Miaka kumi na moja katika idara hii, sijawahi kusikia wananchi wakishangilia. Mama, unaona nini hapo?"

Alimwuliza fundi cherehani. Bwana Pole akafumba macho.

"Tunaona maji, mheshimiwa," mama akajibu.

"Mazuri?"

"Ya ajabu."

"Endeleeni!" bosi akasema kwa ukarimu. Mkono ukachomoza juu ya kichwa chake. Watu mia moja wakaminya midomo, na mmoja nyuma kule akapiga kelele, "Huyooo!" Mkurugenzi akapunga mkono akidhani ni yeye.

Kisha akaiweka ile karatasi juu ya mgongo wa askari, akaisaini mbele ya watu wote. "Huyu ndugu yenu wa dirishani, kuanzia leo ni mwajiriwa wa kudumu! Bado muhuri tu." Akamsogelea Bwana Pole, akapunguza sauti. "Muhuri utaupata saa sita. Kwanza itume hiyo picha wizarani. Waziri ana kikao mchana. Nataka waione wote, kwenye skrini kubwa."

Akapanda ngazi akipiga mluzi.

Asipotuma, hana muhuri. Akituma, wizara nzima itaona dumu, na barua pepe itakuwa na jina lake juu. Alikimbilia masijala, akaiwasha kompyuta, akawaza: nitaukata ule mkono. Ni upande wa kushoto tu, nikate ukingo. Akakata. Mkono ukapotea. Bomba nalo likapotea, kwa kuwa dumu na bomba vilikuwa kwenye mstari mmoja. Akabaki Mkurugenzi ameinama, anasokota hewa kwa tabasamu, huku miguuni pake pakilowa bila sababu, kisha pakikauka.

Akirudisha bomba, mkono unarudi. Akiondoa mkono, bosi anaonekana amejikojolea. Alijaribu mara sita. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

Mkewe alipiga simu. Shemeji alishaeneza habari.

"Baba watoto, uko hai?"

"Niko hai kidogo."

"Kamwambie."

"Nikamwambie nini? Kwamba nimeona? Anayeona ndiye anayefukuzwa!"

"Akigundulia wizarani je? Afadhali umtie aibu chumbani kuliko barazani. Nenda sasa, kabla miguu haijakukataa."

Miguu ilikuwa imeshakataa, lakini alikwenda nayo hivyo hivyo. Mlangoni kwa Mkurugenzi alikaa katibu muhtasi, mwanamke mkimya aliyekuwa na muhuri wa ofisi kwenye mkoba wake na hasira za ofisi kwenye nyusi zake.

"Unatetemeka," alisema. "Homa?"

"Bomba," alisema Bwana Pole, na akaingia.

Alianza kwa kusema bosi samahani, akaendelea na bosi samahani, kisha akasema bosi samahani. Mwishowe akaweka simu yake mezani, picha inacheza, akaelekeza kidole kwenye kona ya kushoto.

Mkurugenzi akatazama. Mbele. Nyuma. Mbele.

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama taa aliyoisahau mwenye nyumba. Kisha likazimika.

"Huo mkono," alisema kwa sauti ndogo, "ulitakiwa usionekane."

Kiyoyozi kikanguruma. Kutoka chini, hafifu: "Huyooo!"

"Kumbe..." bosi akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Wote?"

"Ukumbi mzima, bosi. Tangu saa mbili."

"Na mimi nikapunga mkono!" Akasimama, akakaa, akasimama. Rangi ya uso wake ikawa ile ya sabuni. "Umenimaliza. Unajua umenimaliza? Katibu! Njoo na kalamu. Andika. Barua ya kumwachisha kazi huyu, leo hii."

Bwana Pole aliusikia mwili wake ukimtoka kuanzia miguuni, kama maji yanayorudi bombani. Alifikiria ada, alifikiria sura ya mkewe, alifikiria jinsi atakavyovaa shati hili hili kwenda kutafuta kazi na kwapa zimeshaloa.

"Sababu?" katibu akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Ameonyesha..." Mkurugenzi akasita. "Ameonyesha hadharani..."

"Ameonyesha nini?"

"Andika amedhalilisha ofisi."

"Kwa kuonyesha nini? Watu wa utumishi watauliza, bosi. Lazima kitajwe."

"Andika... picha."

"Picha uliyoidhinisha. Fomu ninayo. Niandike ina kasoro gani?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Bila kukusudia alikuwa anajirudia. Kila sababu aliyoigusa ilikuwa na dumu la njano ndani yake.

"Barua ya kuachisha inadai sababu," katibu akasema, bila kuinua sauti wala macho. "Barua ya kuthibitisha haidai. Tena mwajiriwa wa kudumu anabanwa na kanuni ya siri za ofisi. Kibarua habanwi. Kibarua akitoka hapo getini, anamweleza yeyote anachotaka."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzitamka ofisini. Mkurugenzi alimtazama Bwana Pole kwa muda, na Bwana Pole, akiwa mtaalamu wa fani hiyo, aliitambua hofu machoni mwa bosi wake, tena ya siku ya kwanza, bado mbichi, mwenyewe hajui aiweke wapi. Karibu amwambie inavyokaa vizuri ukilala kwa ubavu.

"Gonga," bosi akanong'ona.

Katibu akatoa muhuri mkobani. Paa.

"Hiyo picha haiendi wizarani. Na hujaona kitu," Mkurugenzi akasema. "Umenielewa? Kuanzia sasa una siri za ofisi. Neno moja kutoka mdomoni mwako, utajuta kuzaliwa."

"Nimeelewa, bosi."

"Na hiyo televisheni izimwe!"

"Ufunguo hauko, bosi. Mpaka Jumatatu. Labda..." Bwana Pole akatazama kiyoyozi, akatazama chini.

Mkurugenzi akaelewa. Akaiendea swichi mwenyewe, akaweka kidole, akapumua ule ubaridi mara ya mwisho, akabonyeza. Upepo ukakata. Huko chini ukumbi mzima ukalalamika kwa sauti moja, kama umeme umekatika fainali ikiwa kwenye penalti.

Bwana Pole alishuka na barua kifuani, ndani ya shati. Alikuwa ametamani siku hii kwa miaka sita, na katika kuitamani alijipangia kwamba atashuka ngazi hizi akiwa mwepesi. Badala yake alishuka kama aliyebeba yai mdomoni. Una siri za ofisi. Zamani alikuwa akiogopa kufukuzwa; sasa alikuwa na kitu cha kufukuzwa nacho.

Ukumbini watu bado walikuwa wameielekea televisheni, ijapokuwa ilikuwa nyeusi tii. Hakuna aliyeondoka. Alipokaa dirishani, fundi cherehani aliinuka na dumu lake, akaja mbele, akaegemea ubao.

"Wamezima," alisema.

"Umeme tu, mama. Pole sana."

"Siyo kitu, tumeshaona. Nimekuja kulalamika. Andika."

Bwana Pole akafungua daftari.

"Andika: bomba jipya la mtaa wa juu, maji yake yanamiminwa kwa dumu nyuma ya ukuta."

Kalamu ikasimama hewani. "Mama, mimi siwezi kusema hivyo."

"Nani kakuambia useme? Ninasema mimi. Wewe si unaandika anachosema mteja? Au siku hizi mnachagua?"

Nyuma yake mstari ulikuwa umeanza kujipanga wenyewe, bila askari kuhimiza. Yule mzee, yule mjumbe, na wengine kwa wengine mpaka mlangoni, kila mmoja na dumu lake, wote wanamtazama yeye. Hakuna aliyecheka. Bwana Pole aliangalia kule ngazini. Hapakuwa na mtu, lakini mlango wa juu ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na sauti ya chini ilikuwa ikipanda vizuri.

Akaandika. Polepole, herufi zinayumba kama walevi wanaoshikana mabega, lakini zinasomeka. Bomba jipya. Dumu. Nyuma ya ukuta.

Akafika safu ya mwisho, ya aliyepokea lalamiko. Miaka sita safu ile aliijaza kwa maneno "kwa niaba ya", kisha jina la mkuu wa kitengo, kwa kuwa kibarua hana saini. Leo anayo. Ilimchukua muda. Fundi cherehani hakumharakisha. Alishika ncha mbili za futi yake akasubiri, kama anavyosubiri mteja aache kupumua ndipo apime kiuno.

Akaandika jina lake lote, lile la kwenye kitambulisho, na tarehe. Jasho lilidondoka karibu na herufi ya mwisho. Akalifuta kwa kiganja kabla halijafika kwenye wino.

"Haya," fundi cherehani akasema, akalisoma kichwa chini miguu juu, akaridhika, akachukua dumu lake.

"Anayefuata," Bwana Pole akaita, sauti ikamtoka nyembamba kama uzi.

Mzee akasogea mbele. "Mimi pia," alisema. "Hilo hilo."